Suti Iliyompwaya Baba

Asubuhi ya Jumapili moja baba alitoka chumbani mwake akiwa amevaa suti aliyoiweka azikwe nayo. Alikuwa ameoga. Ndevu zilikuwa zimenyolewa, tai imefungwa, na viatu vyeusi vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akaweka mikono magotini, akaniambia, "Mama, niletee chai." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Kwa miezi mingi alikuwa haogi bila kubembelezwa, wala hatoki nje mpaka jua liwe limezama. Kwa hiyo ua mzima ulifurahi. Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kiswahili wa ukoo wa zamani, alitokeza mlangoni kwake na upawa mkononi.

"Wallahi leo mzee katoka! Bwana harusi, posa waipeleka wapi?"

"Kwako," baba akasema.

"Kwangu mimi? Nishazika waume wawili, wataka kuwa wa tatu?"

Baba akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi chenye mkwaruzo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, lakini tulikisikia sote. Mume wangu akampiga picha, akamtumia kaka yangu anayefanya kazi Ghuba. Jibu lilirudi chai haijapoa: Mungu ni mwema.

Mimi sikucheka. Katika ua ule mimi peke yangu niliijua ile suti.

Kazi yangu ni kukusanya habari za pwani kwa ajili ya redio, na kazi hiyo imenizoesha kulitaja kwanza jambo lenyewe, kisha kurudi nyuma kueleza lilivyofika hapo. Hili la baba nimelirudia nyuma mara nyingi. Kila nikirudi napata mwanzo mwingine.

Baba alikuja Mombasa akiwa kijana, akitokea magharibi, upande wa mpaka wa Uganda. Alipata kazi bandarini, kazi ya kufunga meli gatini. Meli ikikaribia, mabaharia hurusha kamba nyembamba kutoka juu. Wanaume wa gatini huidaka, huivuta, nayo huleta kamba nene kama paja la mtu, ambayo huipachika kwenye nguzo ya chuma. Kisha winchi hulia na meli husogea taratibu hadi ikatulia. Winchi hizo zilimla baba sikio la kushoto. Hakulalamika. Alikuwa akituambia, pale chumbani kwetu Changamwe, kwamba nahodha ana nyota begani lakini hashuki mpaka yeye amfunge.

Nilipokuwa shule ya msingi kamba moja ilikatika, ikampiga mwenzake, akafa palepale. Baba alirudi nyumbani, akalala, akaugeukia ukuta. Mama alituambia baba ana malaria. Ilikuwa malaria isiyo na homa wala kutetemeka. Mvua za masika zilianza zikaisha, naye bado yuko kitandani. Tulikatazwa kupiga kelele. Halafu siku moja akaamka, akavaa buti, akaenda kazini, na jambo lile halikutajwa tena. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu ndipo mama aliponieleza, tukichambua mchicha, kwamba haikuwa malaria. "Lilikuwa jina la kuwapa watu," akasema. "Ningewaambia nini? Kwamba mwanamume mzima anaogopa mchana?"

Naona huo ni mwanzo mmoja.

Mwanzo mwingine ni siku aliyostaafu. Watu wa bara walioishi Mombasa wana desturi ya kumsindikiza mstaafu nyumbani, na nyumbani maana yake ni kule alikozaliwa, hata kama maisha yake yote ameyamalizia huku. Lori lilikuja Changamwe. Likapakiwa makochi, tangi la maji, mabati, kitanda na jiko. Watu wa kwao walifanya maombi barabarani, wakaimba, wakambariki. Mwanamume asiyerudi kwao huitwa aliyepotea, na baba hakutaka kuitwa hivyo. Hakuna aliyemuuliza kama huko nyumbani anamjua mtu. Kwake palikuwa mahali pa kwenda Desemba na kutoka Januari.

Wiki chache kabla ya lori hilo, yeye na mama walivuka kwenda kisiwani kununua nguo. Walinunua za kuzikiwa. Walifanya hivyo kwa utulivu, kama watu wanaonunua pazia. Mama alichagua gauni la buluu lenye ukosi wa lesi. Baba alichagua suti nyeusi. Aliijaribu mbele ya kioo cha duka, nami nilikuwepo, na mama akamzunguka akimvuta koti huku na huku. "Imekukaa," akasema. "Usinenepe tu." Ziliwekwa katika sanduku moja, na vidonge vya dawa ya kuzuia nondo vikatupwa katikati.

Kule kwao walimwita Mombasa. "Mombasa ameamka?" "Mombasa anasemaje kuhusu mvua?" Walitania bila ubaya. Alipozungumza lugha yao, maneno yalimtoka polepole, na wenzake wa rika lake aliowakumbuka walikuwa wamekufa au wana vikundi vyao. Kulikuwa na mahindi, lakini mahindi hayana haja ya mtu anayejua kamba.

Ndipo simu za mama zikaanza.

"Baba yako amegombana na fundi wa mabati."

"Baba yako ametoka kanisani katikati ya mahubiri."

"Baba yako amewakimbiza mbuzi wa jirani na panga. Jirani mwenyewe anacheka, lakini mimi sicheki."

Mimi na kaka tulicheka. Tulisema mzee amekuwa mkali, na kwamba wanaume wengi huwa wakali wakikosa mtu wa kumwamrisha. Mara moja mama aliniambia jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. "Halali," akasema. "Nikiamka namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anatazama ukuta. Kama mwaka ule." Sikumuuliza mwaka gani. Nilijua.

Mama alianguka jikoni mchana mmoja, hakuamka tena. Alizikwa katika gauni la buluu.

Katika mazishi baba alisimamia kila kitu. Alipanga mahema, akahesabu viti, akaonja mchuzi, akamkaripia mwenye spika kwa kupiga kelele. Hakulia. Watu walimsifu wakasema mzee ana nguvu. Nilisimama karibu naye kaburini, na wakati wote alikuwa akizitazama zile kamba zilizobeba jeneza. Alimwambia mmoja wa wanaume walioshika, kwa sauti ya kazini, "Legeza upande wako. Polepole. Sasa legeza." Jeneza likafika chini sawasawa. Akakung'uta mikono.

Kaka alirudi Ghuba kwa sababu mkataba wake haukumruhusu kukaa. Mimi nilirudi Mombasa. Baba akabaki peke yake katika nyumba yenye makochi ya Changamwe. Haukupita muda mrefu jirani mwenye mbuzi akanipigia. "Mombasa hapiki," akasema. "Hatuoni moshi. Tukimpelekea chakula anashukuru, tukirudi tunakikuta kuku wamekila." Nikapanda basi kwenda kumchukua. Alibeba sanduku moja tu. Sikufungua kuona lina nini, na sikuwa na haja.

Hapa inanipasa kueleza jambo ambalo wenyeji wa pwani huliona la ajabu. Kwetu baba halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Hali naye meza moja, hampi mkono, hakai naye chumba kimoja mlango umefungwa. Mkwe huheshimiwa kwa mbali. Heshima hiyo ikivunjwa, aibu humwangukia mkubwa. Mume wangu ni Mrabai, mtu wa huku pwani, na kwao mambo si makali hivyo, lakini aliyajua tangu siku ya posa na hakuwahi kuyakosea.

Tunakaa Bombolulu, vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja. Nyumba yangu ni ya mume wangu. Tukafanya lile ambalo kila mtu alitusifu kwalo: tulimpangia baba chumba chake, mkabala na chetu, mlango kutazama mlango. Hivyo alikuwa kwetu bila kuwa kwetu. Mwenye nyumba alikipaka chumba chokaa upya. Watu wa kanisani walikuja kukiombea.

Kila siku nilimpelekea chakula kwenye sinia, kimefunikwa kawa. Nilikiweka juu ya meza ndogo, nikamnawisha, nikatoka. Si heshima kumkodolea mzee macho akila. Mume wangu akitoka kazini alisimama uani, mbali kidogo na mlango ule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwashindaje?"

"Twashukuru Mungu. Na wewe?"

"Sijambo."

Basi. Kesho yake hivyo hivyo. Kutoka ng'ambo ile ya ua tungeweza kumsikia akikohoa, naye angeweza kusikia watoto wangu, wakija likizo, wakigombania rimoti, kwa lile sikio lililobaki.

Huko Bombolulu hasira iliisha. Tulidhani amepoa. Yakaja maumivu. Kwanza tumbo, kisha mgongo, kisha moto miguuni, kisha kitu kifuani alichosema ni kama jiwe la kusagia. Tulizunguka zahanati za Kisauni, tukavuka hadi kisiwani, tukafika na Likoni. Alipimwa damu, mkojo, moyo. Alipewa dawa za presha, dawa za vidonda vya tumbo, dawa ya kuchua. Tulizitia katika kopo la biskuti, na kopo likajaa.

Katika kila chumba cha daktari nilikaa kando yake. Nani angemwacha mzazi wake aingie peke yake? Na kwa kuwa sikio lilikuwa bovu, daktari alinitazama mimi.

"Analala vizuri?"

"Analala kidogo."

"Chakula?"

"Anakula kidogo."

"Mzee, waonaje?"

"Sijambo, daktari," baba alijibu, maana huyo ni mgeni kwake na binti yake yuko hapo. Mtu hamjibu mgeni vingine. Kisha kalamu iliandika, na sisi tukatoka.

Waumini walimwekea mikono. Mwenye nyumba, Muislamu asiyejali mipaka katika jambo la jirani, alimchomea ubani, akasema, "Hana pepo huyu. Ana mawazo. Mtu aliyezoea watu ukimtia ndani ataongea na nini, na chokaa?" Alisema hivyo huku akiipangusa meza, akaendelea na mengine.

Maumivu nayo yakaisha, au aliacha kuyataja. Akaanza kusahau. Alianza sentensi akaiacha njiani. Alimimina chai kwenye sahani akaitazama ikisambaa. Aliuliza leo ni siku gani, nikamwambia, akauliza tena. Alivaa shati moja mpaka kola ikaota weusi. Nikampigia kaka nikamwambia akili ya baba inaondoka. "Basi ni uzee," kaka akasema. "Hilo halina dawa." Nilisikia katika sauti yake kitu kama nafuu, kwa sababu jambo lisilo na dawa halimdai mtu tiketi ya ndege.

Aliyeliita kwa jina lake ni daktari mmoja wa kike katika kituo cha afya cha huku kwetu, mwanamke wa makamo mwenye mazungumzo ya taratibu. Nilimwambia baba anasahau. Yeye alivuta kiti upande wa sikio zima, akamuuliza meli hufungwaje.

Baba alimtazama muda mrefu. Kisha akaeleza. Alianza na kamba ya kurusha, akaja kwenye ya mbele, ya nyuma, zile zinazozuia meli isiteleze, ipi hukazwa kwanza upepo ukitoka wapi. Ilikuwa polepole, sauti bapa, bila raha yoyote, lakini hakuruka kitu.

"Akili ipo," daktari aliniambia. "Kilichozimika ni kingine. Huu ni ugonjwa wa sonona."

Nilimwambia nilidhani sonona ni kulia. Akasema kijana huenda akalia. Kwa mtu mzima wa umri ule, alisema, ugonjwa hubadilisha nguo: unaweza kuja kama ukali, watu wakasema ni tabia, ukaja kama maumivu ya mwili, watu wakatafuta kidonda, ukaja kama kusahau, watu wakasema ni umri. Kila ukibadilika, nyumba hufurahi kwamba kile cha kwanza kimekwisha. Aliniuliza kama baba aliwahi kuwa hivi zamani. Nikamweleza malaria ya mwaka ule. Akatikisa kichwa, akasema ugonjwa uliompata mtu ujanani huijua njia ya kumrudia. Akataja na mengine: sikio, kuacha kazi, kifo cha mke, kuhamishwa, maumivu ya muda mrefu, kula peke yake.

Hilo la mwisho alilisema kama mengine yote. 

Alimpa dawa, akatuonya kwamba huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na kwamba kwa wazee wengine inabidi kubadilisha mara mbili tatu. Nilimpa baba kidonge kila asubuhi kwa mkono wangu. Wiki zikapita. Halafu ikafika ile Jumapili, na akatoka amevaa suti.

Sasa mtu anaweza kuelewa furaha ya ule ua. Tuliona dawa imefanya kazi.

Alikwenda nasi kanisani. Alisalimia watu wote, hata mzee mmoja ambaye walikuwa hawasemezani naye tangu enzi za Changamwe. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Yale tuyaache." Yule mzee alitokwa na machozi. Tuliporudi uani, baba alimwita mume wangu asogee. Mume wangu akasogea hadi pale alipozoea kusimama. "Njoo," baba akasema. Akavua saa yake, akamfunga mume wangu mkononi kwa vidole vyake mwenyewe, kisha akampa mkono.

Katika miaka yote ya ndoa yetu hawakuwahi kugusana. Mume wangu aliingia ndani akiwa amekishika kile kifundo cha mkono kama kimeungua. "Baba amenipa mkono," akaniambia. "Umeona? Amenikubali." Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtoto. Sikuweza kumwambia nilichokuwa nikikiona.

Alasiri baba aliniita chumbani. Alisimama, akafungua koti, akanionyesha kiuno cha suruali. Aliingiza ngumi yake yote pale, ikazunguka.

"Imenipwaya," akasema. "Mama yako alisema nisinenepe. Hakusema nisikonde."

"Utanenepa, baba. Dawa imeanza kukubali."

"Ipeleke kwa fundi aipunguze. Sitaki kuwaaibisha."

"Utuaibishe wapi?"

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Wewe ipeleke tu," akasema.

Akaivua nyuma ya pazia, akaikunja vizuri, koti bega kwa bega, suruali mshono kwa mshono, akanipa. Alivaa tena lile shati la kola nyeusi. Na niliichukua. Baba akimtuma mtu, mtu huenda. Fundi wetu ana karakana ndogo karibu na barabara, ni mtu wa magongo mwenye mikono mipana na utani mwingi. Alitandaza suruali juu ya cherehani, akapiga mstari wa chaki.

"Harusi lini?"

"Bado," nikasema.

Kesho yake nilimrudisha baba kwa daktari. Nilimweleza yote mlangoni, kwa kunong'ona: suti, saa, mkono, lile neno alilomwambia yule mzee kanisani. Uso wa daktari ulibadilika. Hakufurahi hata kidogo kwamba baba amecheka. Alisema mgonjwa anayetulia ghafla namna hiyo humtia wasiwasi kuliko anayelalamika. Tukaingia, nikavuta kiti changu kando ya baba, kama siku zote.

"Dada," daktari akasema, "naomba utupishe."

"Sikio lake la kushoto..."

"Nitakaa kulia."

Nikamtazama baba. Alikuwa akitazama sakafu, nami niliona bega lake likishuka, kama la mtu aliyetuliwa mzigo. Nikatoka. Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi na akina mama wenye watoto wa chanjo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama nilimsikia baba akizungumza kwa muda mrefu. Sauti ilipita mlangoni bila maneno. Ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Katika zahanati zote tulizozunguka hakuna aliyewahi kuniambia nitoke, na mimi sikuwahi kufikiri kuna jambo ambalo baba hawezi kulisema nikiwepo. Sasa nilikaa pale, mtu ambaye riziki yake ni kuuliza, nikisikiliza jibu la swali nisilolijua.

Alitoka macho yakiwa makavu. Daktari aliniita.

"Amesema nini?"

"Ameniomba nisikwambie, nami nimekubali. Lakini yeye anajua nitakuagiza haya: asikae peke yake, usiku wala mchana. Dawa zote ziwe kwako, lile kopo pia. Mlango usifungwe kwa ndani. Nimembadilishia dawa, na mrudi kila wiki. Akizidi, msingoje siku ya kliniki, mpelekeni moja kwa moja hospitali kubwa kisiwani. Nimejaribu kumlaza leo, amekataa."

Asikae peke yake. Ni maneno mepesi. Nilirudi nayo Bombolulu nikayageuza kila upande. Mume wangu hawezi kulala chumba kimoja na mkwewe. Mimi ni binti, na binti mwenye mume halali chumbani kwa babake. Watoto wangu wako shule ya bweni. Kaka nilimpigia, akalia, akasema mwajiri wake ndiye mwenye pasipoti. Wanaume wa kanisani wanakuja mchana, wanakaa, wanasoma zaburi moja, wanatazama simu zao, wanakwenda. Mume wangu aliposhindwa kuvumilia alivuka ua, akasimama mlangoni kabisa, mahali ambapo hakuwahi kusimama.

"Baba, njoo ulale kwetu. Desturi gani hii ya kumwacha mtu peke yake?"

"Kwa mkwe?"

"Wewe ulinipa mkono."

"Nilikuwa nakuaga," baba akasema. Kisha, kwa upole ule ule, "Mnataka nife na aibu pia?"

Mume wangu alirudi. Akachukua bisibisi, akaenda akang'oa komeo la mlango ule. Baba alimtazama akifanya kazi, akamshikia msumari mmoja usipotee. Jioni hiyo, nilipoujaribu mlango kwa mkono, ulikuwa mzito. Alikuwa ameegemeza kiti kwa ndani. Nikausukuma, kiti kikaanguka, akasema, "Nani?" kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Sasa nimekitoa kiti, nimeitoa na meza. Nalala mlangoni kwangu, godoro limekaa kizingitini, ili nione mlango wake. Mara nyingine usingizi hunichukua bila kutaka, na nikishtuka huvuka ua kwanza kabla sijajua niko wapi.

Mchana mwenye nyumba hutandika mkeka wake mbele ya chumba cha baba, akachagua mchele, akamsemesha. "Mzee, nijibu hata kwa tusi. Nizoee basi." Hajibu. Dawa mpya bado haijaonyesha kitu. Anakula kijiko, anashukuru, anasukuma sahani. Nimeanza kukaa naye akila, desturi au si desturi, na ninaona kwamba kunitazama kwangu kunamchosha zaidi ya chakula.

Jambo moja tu lilikuwa likimfanya ainue macho. Kila asubuhi, nikimpelekea chai na kidonge, aliniuliza, "Fundi amemaliza?"

"Bado, baba."

"Kazi gani ndefu hivyo? Ni kiuno tu."

Fundi alimaliza zamani. Alinitumia ujumbe, kisha akanipigia, kisha akaniona barabarani akaniita kwa gongo lake: "Suti ya bwana harusi inanijazia karakana!" Nimekuwa nikipita njia ya nyuma. Sina mpango wowote katika hilo. Nilijiambia tu kwamba siku zote ambazo suti iko kwa fundi, baba ana kitu anachokingoja.

Jana watu wa kanisani walimtembeza kidogo nje, anyooshe miguu, kwa kuwa daktari alishauri. Walikwenda mpaka barabarani na kurudi. Waliniambia alitembea vizuri, akasimama kusalimiana na watu, hata fundi wa magongo alimwita wakazungumza.

Leo asubuhi nimempelekea chai. Ameipokea kwa mikono miwili, akameza kidonge, akaniambia, "Asante, mama." Nilisimama nikingoja swali. Hakuuliza.